Konokono anayeruka majini, na namna ya kumfundisha ukiwa Goma

Mwaka wa kwanza nilipomfundisha mnyama huyu nilichora ubaoni duara lenye mabawa mawili, nikaandika Limacina helicina, nikapigia mstari. Kijana wa benchi la nyuma akauliza, "Madamu, ile ni ndege ao ni konokono?" Nikamjibu ni konokono. "Na mguu yake iko wapi?" Darasa likacheka. Nikagusa mabawa kwa chaki nikasema, mguu ni huu hapa. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Tangu siku ile sichori kitu kabla watoto hawajashika kitu. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu mwenzangu mwenye watoto hamsini na kitu, beseni moja, na shule isiyo na maabara. Masomo mawili yanatosha, na katikati yake wiki moja ya kungoja.

Kwanza wewe mwenyewe umjue. Wengi humwita kipepeo wa bahari. Hatambai mchangani wala hashiki mwamba. Anazaliwa, anakula na kufa katikati ya maji, katika bahari za baridi za Aktiki na kaskazini mwa Pasifiki. Wakikuuliza kama yuko Mombasa, sema yeye hayuko, ila jamaa zake wa maji ya moto wapo Bahari ya Hindi. Mombasa watakuuliza tu, kwa sababu shehena zetu nyingi hutokea huko, na kutoka Goma bahari hiyo iko karibu kuliko Atlantiki ya kwetu kule Moanda. Kundi lake zima Mfaransa Cuvier alilipa jina mwaka 1804: Pteropoda, maneno mawili ya Kigiriki, bawa na mguu. Liandike ubaoni kubwa. Ndilo jibu la kijana wa benchi la nyuma.

Aliyemwandika kwanza kitabuni ni Mwingereza, nahodha Phipps, aliyekwenda na merikebu mbili mwaka 1773 kutafuta njia kupitia Ncha ya Kaskazini, akazuiwa na barafu, akarudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1774, na humo yumo pia dubu mweupe. Usikae sana kwa dubu. Mimi nilipoteza dakika ishirini kwa dubu.

Sasa vitu vya kutafuta. Konokono wa bustani walio hai, mmoja kwa kila benchi. Magamba manne matupu ya konokono haohao, yanayolingana ukubwa. Siki lita moja, ile tunayoiita vinegere, nyeupe, siyo ya rangi. Bidoni ya maji ya ziwa. Chupa za maji ya dukani. Bikabonati ya maandazi, mishumaa miwili, ndoo, beseni, mirija ya kunywea, puto moja, udongo wa mfinyanzi kiasi cha ngumi, bamia tano (huku wengi husema gombo), unga kidogo wa muhogo, na nusu ya shu nyekundu, yaani kabichi ya zambarau. Hiyo shu ndiyo inayosumbua kupatikana. Ukiikuta sokoni siku mbili kabla, inunue siku hiyohiyo.

Konokono waokotwe asubuhi baada ya mvua, kwenye kuta za mawe ya volkano. Sema wazi kwamba hutaki konokono wa ziwani wala wa mtoni: wa maji ndio wanaobeba kichocho, na mtoto mwenye bidii ataingia majini hadi magotini akuletee mkubwa kuliko wote. Mwaka mmoja waliniletea kumi na wanne, na mmoja wa walioleta alikuwa mtu mzima wa Kituku, soko la kando ya ziwa, aliyetumwa na mwanawe. Na mwisho wa somo mikono ioshwe kwa sabuni, ya mwalimu pia.

Mweke konokono juu ya kipande cha kioo ambacho kingo zake umezifunga kwa utepe, kisha inua kioo ili watoto watazame kutoka chini. Wataona mguu ukienda kwa mawimbi madogo, kama kitambaa kinachovutwa chini ya mlango. Hapo uliza: nikiupasua mguu huu katikati, kushoto nikauvuta, kulia nikauvuta, hadi uwe mwembamba kama utando wa kitunguu, utafanana na nini? Ngoja. Usijibu wewe. Kila mwaka kuna anayesema masikio ya tembo kabla mwenzake hajasema mabawa.

Kisha mshike konokono ncha ya gamba ikiwa juu na mlango ukikutazama. Wa bustani zetu mlango wake uko kulia. Wa Limacina uko kushoto, amejisokota kinyume. Kama kuna kioo cha kujitazamia, mweke konokono mbele yake: yule wa ndani ya kioo ndiye aliyesokotwa kama kipepeo wa bahari. Mpunguze kwa fikra hadi awe punje ya mtama, mfanye gamba lake liwe la kuonyesha mwanga hadi matumbo yaonekane, na umekwisha kumpata. Wakubwa sana hukaribia punje ya mahindi. Zaidi ya hapo hawaendi.

Kuruka sasa. Jaza beseni, mwaga juu yake majani ya chai yaliyokwisha kupikwa ili maji yaonyeshe yanakokwenda. Mtoto atumbukize mkono bapa na kuupeleka mbele na nyuma kana kwamba anapaka siagi mkate: akienda mbele ukingo wa kidole gumba umeinuka kidogo, akirudi ukingo wa kidole cha mwisho ndio umeinuka. Ncha ya vidole inachora nane iliyolala. Akifanya vizuri, majani yanavutwa chini, na yeye anahisi mkono unataka kupanda. Hiyo ndiyo njia ya Limacina. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliompiga picha za haraka sana walionyesha kwamba hapigi kasia kama wanyama wengine wadogo wa majini. Anapiga mabawa kwa mtindo wa wadudu wa angani, nane ileile, na mabawa yanagusana kisha yanabanduka, maji yakifyonzwa katikati yake. Hurudia karibu mara tano kwa sekunde. Waambie wajaribu mara tano kwa sekunde na simu ikihesabu. Maji yatamwagika, sogeza madaftari kabla, siyo baada.

Watoto wengi hudhani kiumbe wa majini akitulia anaelea. Huyu akitulia anazama, maana gamba ni zito kuliko maji. Finyanga vidonge viwili vya udongo, vyote kiasi cha punje ya mahindi. Kimoja kibandike vipande viwili vya puto kama mabawa yaliyofunguka, kingine kiache hivyohivyo. Viangushe kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kujazwa maji. Chenye mabawa kinashuka taratibu kikiyumba. Kitupu kinakwenda moja kwa moja. Limacina huvitumia vyote viwili: akitaka kupumzika huacha mabawa wazi, akiguswa na adui huyaingiza ndani ya gamba akadondoka kama jiwe.

Bamia ni kwa ajili ya chakula. Zikate, ziloweke usiku kucha kwenye maji kidogo. Asubuhi mtoto achovye vidole viwili kwenye ute na kuvitanua polepole, mwenzake anyunyize unga wa muhogo juu ya ute huo. Unga unanasa. Kipepeo wa bahari hutanda wavu wa ute mpana kuliko mwili wake mara nyingi, akaning'inia chini yake bila kutikisika, vijani vidogo vya baharini vikinasa. Kisha anaumeza wavu pamoja na vilivyomo. Hapa darasa husema "iiih," na sehemu hii haihitaji kusukumwa, pitia tu.

Nikifika kwenye usiku na mchana, ninawapeleka Kituku kwa maneno. Wote wanajua mitumbwi ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa zinazowaka ziwani usiku. Kwa nini wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanalala mchana? Kwa sababu sambaza hupanda usiku na kushuka mchana. Vivyo hivyo kipepeo wa bahari: giza likiingia anapanda kula, mwanga ukija anashuka kujificha. Sambaza wenyewe si wa ziwa letu la Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hula viumbe vidogo vinavyoelea kama vile samoni wa Pasifiki anavyokula vipepeo wa bahari. Mama anayeniuzia sambaza, nilipomweleza kuna konokono anayeliwa na samaki kwa wingi hivyo, aliuliza kama anakaushwa. Sijamcheka. Ni swali la mtu anayejua kazi yake.

Adui mmoja lazima umtaje: Clione limacina, malaika wa bahari. Naye ni konokono wa majini mwenye mabawa, ila hana gamba. Alikuwa nalo utotoni akalitupa. Yeye hula karibu Limacina peke yake. Anamkamata kwa minyiri inayotoka kichwani, anamgeuza mlango umwelekee, halafu anamtoa ndani kwa vikulabu, gamba likibaki tupu. Phipps aliwaandika wote wawili katika kitabu kilekile. Nilipowaambia anaitwa malaika, dada mmoja wa mbele alikataa kabisa kuandika neno hilo, akaandika "Clione" tu. Nilimpa alama zote.

Somo la pili ni la hewa, na hapa mtoto wa Goma anamzidi mtoto wa pwani.

Anza na mazuku, ile hewa inayoua iliyojificha mashimoni. Uliza nani anajua mazuku, kisha nyamaza kwa dakika tano. Utasikia habari za mbuzi aliyekutwa amelala shimoni bila jeraha, na za bibi aliyekataza watoto kupita mahali fulani alfajiri. Wakimaliza, weka mishumaa miwili ndani ya ndoo, mmoja mfupi, mmoja mrefu, uiwashe. Pembeni ya mishumaa mwaga vijiko vinne vya bikabonati, kisha mimina siki taratibu ukiteremsha kwenye ukuta wa ndoo. Povu litachemka, na baada ya muda mfupi mshumaa mfupi utazimika huku mrefu ukiendelea kuwaka. Hakuna aliyepuliza, na hakuna kilichoonekana. Hewa hiyo ni kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaza mabonde kama maji. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua wakati mtoto aliyeinama miguuni pake hapumui. Kijana mmoja alijitolea kutupeleka mahali tukajaribu kwa mshumaa. Kataa, tena kwa sauti, na uwaambie kwa nini.

Hewa hiyohiyo imo ndani ya Kivu, kilomita za ujazo karibu 300 kwenye maji ya chini kabisa, pamoja na methani karibu 60. Ziwani kwetu inatoka chini, kwenye volkano, na uzito wa maji ya chini unaizuia isipande. Baharini habari imegeuzwa: inaingia kutoka juu. Moshi wa viwanda, magari, na misitu inayochomwa hupanda angani, na karibu robo ya kaboni dioksaidi tunayotoa sisi watu humezwa na bahari. Kwa nini bahari za baridi zinaumia kwanza? Fungua sukre (soda) mbili za chupa, moja ya baridi na moja iliyokaa juani. Ya juani itakurukia mkononi. Ya baridi itatulia, maana maji baridi hushikilia hewa zaidi. Hizo sukre mbili ni za mwalimu baadaye.

Rangi: chemsha shu nyekundu dakika kumi, chuja. Mimina maji ya ziwa kwenye glasi moja na maji ya dukani kwenye nyingine, ongeza maji ya shu vijiko viwili kila moja. Ya dukani itakuwa ya buluu iliyochanganyika na zambarau. Ya ziwa itaelekea kijani, kwa sababu maji ya juu ya Kivu yana magadi, pH karibu 9 (pH ni kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi). Sasa mtoto apulize kwa mrija ndani ya glasi. Pumzi yetu ina kaboni dioksaidi, na ndani ya maji inageuka asidi dhaifu. Ya dukani huelekea zambarau upesi.

Ya ziwa ndiyo iliyoniaibisha. Mara ya kwanza niliweka maji ya ziwa peke yake, nikamwita mtoto apulize. Akapuliza, rangi ikakaa palepale. Akaja wa pili, wa tatu. Wa nne alishikwa na kizunguzungu, nikamkalisha, kengele ikalia. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Usiku ndipo nilipoelewa kwamba jaribio halikuwa limeharibika: maji yenye chumvi nyingi za namna ile hupokea asidi na kuifunga, ukitazama huoni badiliko. Bahari pia iko hivyo. Imepokea moshi wa zaidi ya miaka mia mbili, na pH ya uso wake imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1 tu. Inaonekana si kitu, ila kipimo hicho si cha kujumlisha bali cha kuzidisha: chembe za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Siku hizi ninaweka glasi zote mbili, kila mtoto hupuliza mara kumi tu, kisha anampa mwenzake mrija mpya.

Sasa magamba matatu. Usitumie ganda la yai, ingawa ndilo rahisi. Yai na konokono wote wamejenga kwa kalsiamu kaboneti, lakini ina namna mbili: la yai ni kalsiti, na la konokono wa bustani kwa sehemu kubwa ni aragoniti, ambayo huyeyuka upesi zaidi. Kipepeo wa bahari naye kajenga kwa aragoniti. Kwa hiyo huyu wa ukutani kwako ni jamaa wa karibu kuliko unavyodhani.

Pima kila gamba kabla. Mimi ninakwenda kwa fundi wa pete huko Birere, ana mizani ya dhahabu. Mara ya kwanza alidhani namtania, sasa ananiuliza mwenyewe konokono wamefika wapi. Gamba la kwanza litumbukize kwenye siki tupu. La pili kwenye lita ya maji ya dukani yenye kijiko kimoja cha siki. La tatu kwenye maji ya dukani peke yake. Funika kwa karatasi, usikaze vifuniko, maana hewa inatoka na chupa ya kioo inaweza kupasuka.

La kwanza litachemka papo hapo na darasa litalipenda. Kesho yake limebaki utando laini unaobonyea kidoleni. Langu la mwisho lilikuwa gramu 1.9, baada ya usiku mmoja likawa 0.7. Lakini waambie ukweli: bahari haiwi siki. Siki ina pH karibu 2 na nusu, bahari bado iko juu ya 8. Chupa ya kwanza ni ngoma ya kuwakusanya watu. Somo liko kwenye ya pili, ambayo haichemki na haipendezi. Siku ya kwanza utaona sifuri. Siku ya tatu mng'ao umepotea, gamba limekuwa kama limepakwa vumbi la chaki. Baada ya wiki midomo ya gamba imekonda, na mizani inasema kitu ambacho macho hayakusema. La tatu liko vilevile.

Baharini ni hivyo, ila polepole zaidi. Watafiti wa Marekani waliweka gamba la kipepeo wa bahari kwenye maji ya bahari yaliyorekebishwa yawe kama yale yanayotazamiwa mwaka 2100. Kwa siku 45 likageuka jeupe lisilopitisha mwanga, likachimbika mistari. Jamaa yake mmoja, Clio pyramidata, alionyesha dalili kwenye gamba ndani ya saa 48. Na magamba yaliyoanza kulika yamekwisha kupatikana kwa jamaa zake walio hai katika Bahari ya Kusini, ile inayozunguka Antaktika, kwenye sampuli za mwaka 2008.

Mwenzangu wa kemia alinibana hapa, na alikuwa na haki. Gamba langu ni la maiti. Konokono hai ana ngozi nyembamba juu ya gamba inayolilinda, na anaweza kuongeza tabaka kutoka ndani palipotoboka. Kwa Limacina helicina hilo limeonekana. Kwa hiyo kuna wataalamu wanaosema ataumia sana na wengine wanaosema anavumilia zaidi ya tulivyodhani. Mimi huwapa watoto pande zote mbili, kisha nawaomba wakwaruze gamba la nne kwa msumari, mstari mmoja, na kuliweka kwenye chupa ya pili. Mstari unaliwa kabla ya sehemu nyingine yoyote. Wachore walichokiona, wasichore nilichosema.

Swali la mtihani ninaloweka ni moja tu: kwa nini kipepeo wa bahari anahitaji kupiga mabawa, na gamba likikonda nini kitabadilika katika kuruka kwake? Wengi huandika ataruka kwa urahisi kwa sababu ni mwepesi. Usikate alama zote. Muulize aliyeandika hivyo adui akija atadondokaje, na umpe dakika tano nyingine na karatasi.

Ukimaliza, changanya siki iliyobaki na bikabonati hadi ikome kuchemka ndipo umwage, na konokono walio hai warudishwe ukutani walikotoka. Siyo kwenye shamba la mboga la mkuu wa shule. Hilo nimelijaribu pia.